Minyororo Katika Maji ya Ndiva

Bi Nambike Mrutu hakubisha hodi. Aliingia na ndoo ndogo ya plastiki iliyofunikwa kwa sahani, akaitua juu ya meza ya chuma iliyokuwa imetoka kufutwa kwa spiriti, akasema, "Daktari, tazama humu, kisha uniambie unaona nini."

Nakiete Mbwambo alivua glavu, akaondoa sahani. Ndani ya maji kulikuwa na viluwiluwi kama ishirini hivi. Vilikuwa hai, ila havikuogelea. Vilikaa chini ya ndoo kama mbegu zilizozama. Alipoitikisa ndoo, vilijaribu kugeuka, mikia ikakakamaa nusu njia, vikalala ubavu.

"Umevitoa wapi, mama?"

"Ningevitoa wapi? Ndivani. Mwezi wa pili huu sijasikia chura. Nimeishi kando ya ndiva ile miaka sitini na tatu, wakinyamaza wao mimi ndiye siupati usingizi."

"Labda ni dawa za wadudu za mashambani."

"Mashamba yako chini ya ndiva. Juu yake hakuna shamba, Daktari. Juu yake mko ninyi tu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mwanamke anavyomnong'oneza mwenziwe kwamba kanga yake imefunguka nyuma. Kisha akachukua sahani yake, akaiacha ndoo, akaondoka.

Bi Nambike alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya Chamlongo, kijiji kilichoshikilia ubavu wa milima ya Upare. Ndiva lilikuwa bwawa la udongo na mawe walilolichimba mababu ili kukusanya maji ya kijito, na yeye ndiye aliyepanga nani afungue mfereji lini. Tangu mvua za vuli zilipoanza kukosekana miaka miwili mfululizo, mabomba ya kijiji yalikauka, na watu wakawa wanachota humo humo maji ya kunywa.

Nakiete alichovya chupa ndani ya ndoo, akajaza.

*

Maabara ya Nakiete ilikuwa kiwanda cha tangawizi kabla mvua hazijapungua. Sasa palikuwa kituo cha tiba chenye nyumba ndogo kumi na mbili zilizopangana kandokando ya kijito, na ndani yake waliishi wagonjwa thelathini na wanane wa ugonjwa ambao watu waliuita ugonjwa wa nyaya. Jina liliufaa. Neva za mtu zina ala ya mafuta inayozifunika, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, na ugonjwa huu huila ala hiyo kama panya. Kwanza vidole hufa ganzi, halafu mikono, halafu miguu inasahau kutembea.

Dawa ya Nakiete haikuwa kemikali ya kupigana na kitu. Ilikuwa ala mpya. Alitengeneza minyororo ya polima yenye pande mbili, upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia. Ndani ya chungu cha kioo kisichoingiza hewa, alianza na punje za aina ya kwanza. Zilijiunga moja nyuma ya nyingine, na ncha ya mnyororo ikabaki hai, ikingoja. Punje hizo zilipokwisha, alimimina za aina ya pili, na ncha ileile ikaendelea kuzipokea mpaka alipoamua kuifunga. Mwishoni alibandika kipande kidogo cha protini kinachotambua neva iliyo uchi.

Baada ya hapo hapakuwa na kazi ya mtu. Minyororo ile ikitiwa majini, pande zinazoogopa maji hutafutana na kukumbatiana kwa ndani, zile zinazoyapenda zikatazama nje, na utando ukajifuma wenyewe. Mwilini utando huo uliizunguka neva kama maganda yanavyozunguka gunzi la hindi. Wagonjwa walidungwa sindano mara moja kwa mwezi, wakafunga vifungo vyao, wakaandika majina yao.

Lakini kulikuwa na idadi. Minyororo ikiwa michache mno majini, kila mmoja huzurura peke yake bila habari ya mwenziwe. Ikifika idadi fulani, ghafla huitana. Nakiete aliijua idadi hiyo kwa moyo. Alijua pia kwamba ziada ya dawa hutoka kwa mkojo. Alikuwa ameandika katika ripoti yake, miaka mitano iliyopita, kwamba kijito kingeitawanya isifike idadi hiyo kamwe.

Wakati ule kijito kilikuwa kinatiririka.

Alipitisha mwale wa leza katika maji ya ndoo, na mashine ikasoma jinsi mwanga unavyotawanyika. Vifuko vya nanometa tisini: minyororo yake ilikuwa imeitana. Akarudia. Tisini. Akadondosha rangi inayowaka ikiingia kwenye mafuta tu, na maji yaliyoonekana safi kabisa yakawaka rangi ya chungwa. Mwishowe aliweka kiluwiluwi kimoja chini ya hadubini. Neva zake hazikuwa uchi hata kidogo. Zilikuwa zimevikwa koti juu ya koti juu ya koti, mpaka hazikuweza kusema kitu na misuli.

Alikaa kwenye stuli akakitazama muda mrefu. Kazi ilikuwa nzuri. Tabaka zote zilikuwa zimejipanga sawasawa.

*

Mume wake, Anaeli Mshana, alikuwa mgonjwa namba moja. Alikuwa mwalimu wa bendi ya tarumbeta ya kanisa, mtu mrefu mwenye mashavu yaliyozoea kujaa pumzi, na tangu vidole vyake viliporudi alijitwalia kazi zote ndogondogo za nyumba zinazotaka vidole. Ndiye aliyechambua mchele. Ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano. Kila asubuhi alimfunga mkewe kishikizo cha mkufu shingoni, na hakukubali afanye mwenyewe hata akiwa amechelewa kazini.

Mchana ule Nakiete alirudi nyumbani mapema, akamkuta mezani, anapiga kimyakimya vidole vitatu vya mkono wa kulia juu ya mbao, anafanya mazoezi bila tarumbeta.

"Baba Namsi, nina neno."

Namsi alikuwa binti yao, mwalimu Dodoma. Anaeli akaacha kupiga meza.

Alimweleza yote, ndoo, mwale, koti juu ya koti.

"Kwa hiyo ni dawa yetu."

"Ni yangu."

"Wewe unaitengeneza. Anayeikojoa ni mimi." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Utawaambia?"

"Nikiwaambia, watafunga kituo. Na wana haki."

Anaeli aliinuka, akaenda dirishani. Chini kule ndiva lilionekana, bamba la maji ya kijani kati ya mawe.

"Jumapili ya mavuno ni wiki tatu tu," alisema. "Vijana wangu wamejifunza wimbo mzima. Mimi ndiye mwenye sauti ya kwanza, na sindano yangu inaisha wiki ijayo. Nipe hizo wiki tatu, Naki. Baadaye waambie."

"Watu wanayanywa yale maji."

"Unajua kwamba yanawadhuru? Binadamu si kiluwiluwi. Ngozi yake nene, tumbo lake kali. Unajua?"

"Sijui."

"Basi hujui."

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa Nakiete hakuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ile, sauti ya mtu anayebania mlango. Alipakua chakula, wakala, na Anaeli akaosha vyombo kwa uangalifu mkubwa, kimoja kimoja, kama anayeviaga.

*

Alinyamaza siku mbili. Hilo alilijutia baadaye kuliko mengine yote, ingawa kila mtu alimwambia siku mbili si kitu.

Alijaribu kujipa sababu. Alipima tena maji sehemu sita za ndiva, jambo ambalo halikuhitajika. Alitafuta njia ya kuyasafisha, na njia ilikuwepo kwa maji ya kikombe. Upande unaopenda maji hulichoka penzi lake ukipata joto. Ukiyapasha maji mpaka mkono usistahimili, minyororo hunatana, maji huwa meupe kama tui, na baadaye mashapo huzama. Alifanya hivyo kwenye bika moja, ikawa. Lakini nani angelibandika ndiva zima jikoni?

Asubuhi ya tatu aliteremka kwa miguu. Wanawake saba walikuwa wamepanga foleni na madumu. Mmoja alikuwa akiosha mihogo. Mwingine, aliyekuwa na mimba kubwa, alichota kwa kata, akanywa pale pale, akajifuta midomo kwa kiganja, akamwamkia, "Shikamoo, Daktari. Leo umekuja kututembelea."

"Marahaba," alisema Nakiete.

Akapanda mlima kurudi nyumbani. Anaeli alikuwa kibarazani.

"Ninakwenda kwa Bi Nambike sasa hivi," alimwambia. "Sikuja kukuomba ruhusa. Nimekuja ili usisikie kwa mtu mwingine."

Anaeli akaingia ndani, akarudi na viatu vyake vya kanisani, akaketi.

"Nisubiri nifunge kamba," alisema. "Nataka nizifunge mwenyewe."

Alizifunga polepole, mafundo mawili kila kiatu, akavuta ncha zilingane. Kisha akampa mkewe mkono, wakateremka pamoja.

*

Bi Nambike hakulipeleka jambo lile ofisini. Aligonga debe kuwaita watu, na kufikia saa nne watu kama mia walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa ndiva. Nakiete alieleza kwa Kiswahili cha kawaida, akiepuka maneno makubwa. Alisema dawa inayowafunika wagonjwa imejaa katika maji haya, na imeanza kuwafunika viumbe wasio wagonjwa.

Mkulima mmoja aitwaye Kiangi, mtu mfupi mwenye mikono ya kazi, alisogea mbele. "Tangawizi yangu ina miezi saba ardhini. Unaniambia nini? Nisimwagilie?"

"Nasema maji haya yasinywewe kuanzia sasa. Kuhusu tangawizi, sina uhakika."

"Huna uhakika! Na wanangu waliokunywa?"

"Inabidi wapimwe, kila mmoja. Nitawapima mimi, na nitaomba waje pia wapimaji wengine wasio watu wangu."

Bi Nambike alinyanyua mkono, watu wakatulia. "Daktari, inawadhuru watu au haiwadhuru?"

Nakiete alikuwa amesimama mbele ya maprofesa wa nchi nyingi. Hakuna mahali pengine neno lile lilipomwia gumu. "Sijui, mama."

"Hii dawa haiozi?"

"Zamani ilikuwa inaoza. Minyororo ya kwanza ilikuwa na kiungo kinachovunjika baada ya siku tisa. Nikakibadilisha, nikaweka kigumu, ili idumu mwezi."

"Ukakibadilisha kwa nini?"

Alimtazama Anaeli. "Kwa sababu siku ya nane vidole vyake vilianza kumtoka, nami nilikuwa nikiona. Alidondosha tarumbeta msibani, mbele ya watu. Sikutaka kuona tena."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliguna kwa huruma, mwingine akasonya. Hapo Anaeli akavua kofia.

"Kuna jingine," alisema. "Mimi niliambiwa siku tatu zilizopita. Nikamwomba mke wangu anyamaze mpaka Jumapili ya mavuno, nipate kupiga. Nilijua mnakunywa. Hilo nalo liandikwe, na liandikwe kwa jina langu."

Mwandishi wa kamati akamtazama Bi Nambike. Bi Nambike akatikisa kichwa kukubali. "Liandikwe."

Walibishana mpaka jua likawa utosini. Wapo waliotaka kituo kichomwe moto. Wapo waliosema wagonjwa wale ni watoto wa watu, na wawili kati yao walikuwa wa Chamlongo. Nakiete aliulizwa kama kuna njia ya kuyasafisha maji yale, akaeleza habari ya joto. Ndipo Kiangi, ambaye alikuwa bado amenuna, akasema kwamba kule chini mbugani kuna mwamba mweusi mpana usioota hata nyasi, na saa nane mchana mtu hawezi kuukanyaga bila viatu.

"Maji yakitandazwa pale membamba," alisema, "hayo mambo yako si yatanatana?"

Nakiete alipiga hesabu kichwani. "Yatanatana. Tutayakwangua kama ukoko."

"Basi." Kiangi akatema mate pembeni. "Tangawizi yangu imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi."

Walijenga kingo za udongo kuzunguka ule mwamba kwa siku nne. Siku ya tano Bi Nambike aliingia majini mpaka kiunoni, akazibua tundu la ndiva kwa mikono yake, na maji ya msimu mzima yakateremka kwa kishindo. Watu walisimama wakiyatazama yakiondoka. Wengine walilia waziwazi. Juu ya mwamba yaligeuka meupe, na jioni palibaki utando mkavu unaobanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Maji ya kunywa yaliletwa kwa malori kutoka bondeni, madumu mawili kwa kila nyumba.

Vipimo vya watu viliendelea wiki saba. Watu kumi na mmoja walikutwa na minyororo katika damu. Hakuna aliyekutwa na neva iliyozidi ala. Nakiete aliposoma karatasi ya mwisho alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mpaka Anaeli alipokuja kumtafuta.

*

Sindano zilisimama miezi mitano. Wagonjwa wengi walirudi kwao. Elirehema wa Korogwe, fundi cherehani aliyekuwa ameanza kushona tena, alipiga simu siku ya arobaini, akalia tu mpaka simu ikakatika. Nakiete aliisikiliza yote.

Kwa Anaeli, ambaye sindano yake iliisha kabla ya za wengine, ulianza kufa ganzi mkono wa kushoto, ukafuata wa kulia. Sasa Nakiete ndiye aliyemfunga vifungo.

"Umevipishanisha," Anaeli alimwambia, akitazama kifua chake. "Daktari mzima."

"Nyamaza, au nikupeleke kanisani hivyohivyo."

"Nipeleke. Waone ninavyotunzwa."

Jumapili ya mavuno alisimama mbele ya vijana wake akaongoza kwa kichwa na nyusi, na sauti ya kwanza akapiga binti wa miaka kumi na saba aliyekosea mara mbili. Anaeli alirudi nyumbani amefurahi kwa namna ya mtu aliyechoka kulia.

Nakiete alitafuta kiungo kingine. Hakutaka kile cha siku tisa, na kile kigumu alikuwa amekifungia kabatini. Alitaka kiungo kinachovumilia gizani, maana mwilini ni giza, lakini kikikutana na jua kinakatika. Anaeli alikaa naye maabara kila siku, kwenye kiti cha mkono kando ya dirisha. Hakuweza kushika kitu, kwa hiyo alihesabu matone kwa sauti, na alipokosea alianza upya bila kuambiwa. Jaribio la sitini na moja, bika iliyokaa juani mchana mmoja ilirudi ikiwa maji matupu. Rangi haikuwaka hata chembe.

Dawa mpya ilidumu siku kumi na mbili tu. Haikurudisha vidole vyote kwa kila mtu, na Nakiete aliwaambia hivyo kabla hawajauliza. Maji ya vyoo vya kituo yalipitishwa kwanza kwenye mifereji myembamba iliyo wazi juani, na kila siku ya kumi na mbili Bi Nambike alikuja na chupa yake mwenyewe, akasimama begani kwa Nakiete wakati mashine ikisoma. Hakukubali kusomewa. Alijifunza kusoma zile namba mwenyewe.

Wengine walidhani Anaeli angekuwa wa kwanza tena. Kamati ilipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia, na akaangukia nafasi ya ishirini na mbili.

"Ungeweza kusema neno," Namsi alimwambia mama yake kwa simu.

"Ningeweza," alijibu Nakiete.

Siku ya zamu ya Anaeli, Nakiete alimdunga mwenyewe. Ilipita siku moja, mbili, nne. Hakuna kitu. Nakiete alijua kwamba kwa baadhi ya watu neva zenyewe zilikuwa zimekufa, hakukuwa na kitu tena cha kufunika. Hakumwambia, na Anaeli hakuuliza. Waliendelea kuzungumza habari za watu wengine.

Siku ya sita, alasiri, alikuwa uani anaanua nguo aliposikia kishindo jikoni na sauti ya mumewe ikipiga ukelele. Alizitupa nguo chini, akakimbia. Mfuniko wa sufuria ulikuwa bado unazunguka sakafuni. Makande yalikuwa yanatokota, mvuke umejaa, na Anaeli amesimama katikati yake, kiganja juu, macho yamemtoka.

"Nini? Umeanguka?"

"Nimeungua," alisema.

Nakiete alisimama.

"Nimeungua, Mama Namsi. Kidole. Hiki." Alikitazama kama mgeni aliyefika mlangoni. "Na hiki cha pili, kidogo."

Nakiete aliushika ule mkono. Kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kuwa chekundu nchani. Machozi yalimteremka bila kumwomba ruhusa, na alikuwa tayari anamvuta kuelekea kwenye ndoo ya maji baridi, kama mke yeyote. Anaeli akakaza miguu, akakataa kwenda.

"Ngoja kwanza," alisema, akimkumbatia kwa mkono wa pili. "Acha kiniume."